Mficha Maradhi Kifo Humuumbua

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, mambo mawili hayajapata kukosa wasemaji katika mji wetu wa Dar es Salaam, nayo ni siasa na maradhi. Ukiketi barazani Magomeni baada ya sala ya Alasiri, au ukipanda daladala ya Mbagala, utakuta kila mmoja ni waziri na kila mmoja ni tabibu. Hilo peke yake si kosa, kwani mtu ana haki ya kuuliza juu ya nchi yake na juu ya mwili wake. Kosa huanza pale siasa inapovishwa kanzu ya dini, ikapandishwa mimbari, kisha watu wakaambiwa kwamba anayeuliza juu ya ugonjwa imani yake ni dhaifu.

Yako maneno manne ambayo yamesemwa sana kwetu tangu ulipoingia ugonjwa wa korona, na hata leo hayajaisha. Yamesemwa na wakubwa na wadogo, misikitini na makanisani, majukwaani na katika sauti zinazozungushwa kwenye simu. Nimekusudia kuyapima moja baada ya jingine kwa mizani ya dini yetu, bila ya kumwonea aliye hai wala aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Ukiona nimekosa uzani, nirudishe kwa hoja.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea, maana watu wetu ni wepesi wa kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Machi 16, 2020, na skuli zikafungwa. Nyumba za ibada hazikufungwa. Tarehe 17 hadi 19 Aprili zikatengwa siku 3 za maombi ya Taifa. Hesabu ya mwisho iliyotolewa ilikuwa ya watu 509 walioambukizwa na 21 waliofariki. Baada ya hapo, tangu mwanzo wa Mei 2020, hesabu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Mei 3, 2020, Rais John Magufuli alieleza akiwa Chato kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na majibu yakatoka kuwa zina ugonjwa. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kikakataa kwamba vipimo vilikuwa na ila. Mwezi wa Juni nchi ikatangazwa kuwa haina korona. Januari 2021 tukaambiwa kwamba chanjo za wageni hazifai. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kusema wazi kwamba anaugua korona. Mwezi mmoja kamili baadaye, Machi 17, akafariki Rais Magufuli mwenyewe, na ikatangazwa kuwa ni maradhi ya moyo. Mungu awahukumu wote kwa rehema Yake. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, ikamkabidhi taarifa mwezi wa Mei; Julai 24 zikafika dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na Julai 28, 2021, akachanjwa yeye mwenyewe mbele ya watu, Ikulu ya Dar es Salaam.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Sasa tuyapime maneno.

Neno la kwanza: Mungu atatulinda, basi kinga ya nini?

Neno hili nusu yake ya kwanza ni kweli tupu, na ndiyo maana nusu ya pili huingia kwa urahisi. Mungu ndiye Mlinzi, hapana mwingine. Lakini huyo huyo aliyetuamrisha kumtegemea ametuamrisha pia tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo, na Mtume wake (S.A.W.) alimwelekeza yule Bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ategemee.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani masahaba walikwisha kuyakuta haya. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia huko mbele. Hakusema kwamba jeshi la waumini halipatwi na ugonjwa. Alifanya shauri na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari nyingine ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga mwenye bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.), ya kwamba nchi iliyoingia tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Tauni hiyo ya Amwas, ya mwaka 18 Hijria, iliwachukua Abu Ubaida mwenyewe na Muadh bin Jabal. Ni nani kati yetu, Kinondoni au Temeke, atakayedai imani kuliko hao?

Nitakupa na mfano wa pili, wa mwanachuoni anayejulikana na kila aliyekaa chuoni. Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fath al-Bari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, na mabinti zake 3 walichukuliwa na ugonjwa huo. Anasimulia ya Cairo mwaka 833 Hijria, sawa na 1430 Miladia. Watu waliamrishwa kufunga siku 3, kisha wakatoka kwa pamoja kwenda jangwani kuomba, kama inavyofanywa katika kuomba mvua. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Mwezi haukwisha ila walikuwa wamezidi 1,000 kwa siku. Ibn Hajar hakuwa mpinga dua, hasha! Alichokikataa ni mkusanyiko ule ambao haukuwa na asili katika mwenendo wa waliotangulia walipopatwa na tauni.

Sikukileta kisa hiki ili niyalaumu maombi ya Aprili 2020. Kuomba ni wajibu wetu katika shida na raha, na aliyeyacheka maombi yale alikosa adabu, hata awe na shahada ngapi. Nimekileta ili uone kwamba mwanachuoni mkubwa kama yule, naye kafiwa na watoto wake, aliweza kuomba na kuhesabu maiti kwa wakati mmoja. Kwake moja halikulifukuza la pili. Na hapo ndipo tunapofika kwenye neno la pili.

Neno la pili: Hesabu zaleta hofu, afadhali zisitajwe

Hapa yataka tutenganishe mambo mawili ambayo yamechanganywa sana. Jambo moja ni kufunga nchi, na jambo jingine ni kuficha habari.

Juu ya kufunga nchi, waliokataa walikuwa na hoja ya haki. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi aweza kujifungia ndani siku 40. Lakini mama lishe wa Tandika, mchukuzi wa Kariakoo anayelala Manzese, na kijana wa bodaboda wa Yombo, chakula chao cha usiku hupatikana mchana ule ule. Nyumba zetu nyingi zina vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja cha uani. Ukimwambia mtu wa nyumba hiyo ajitenge, atajitenga wapi? Aliyesema kwamba mtu wa namna hiyo asifungiwe akafa kwa njaa alisema neno la huruma, na wapo waliolisema kwa nia njema.

Lakini kutofunga nchi hakulazimishi kuficha hesabu. Bali kinyume chake: ikiwa watu wanaachwa watoke wakatafute riziki, basi wao ndio wenye haja zaidi ya kujua ugonjwa uko wapi na umefikia kiasi gani, ili kila mmoja ajichunge kwa kadiri ya uwezo wake. Anayemruhusu mtu avuke mto wenye mamba ana deni la kumwambia walipo mamba.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu wale ambao likiwajia jambo la amani au la hofu hulitangaza ovyo, na anaonyesha kwamba lingerudishwa kwa wenye madaraka wangelijua wale wawezao kulichungua. Aya hii husomwa sana kuwanyamazisha watu wa barazani, na kweli inawahusu. Lakini waama inawahusu na wenye madaraka pia, kwani habari inarudishwa kwao ili waichungue, si waifukie. Ukimkataza mtu kusikiliza uvumi na wakati huo huo ukamnyima habari ya kweli, umemwacha na nini? Mwanzoni mwa 2021 matangazo ya misiba yalifuatana mno, na ilisemwa kwamba marehemu alikuwa na changamoto ya kupumua, au nimonia. Jina la ugonjwa likawa kama tusi. Hofu waliyotaka kuizuia haikuzuilika, ila ilikosa pa kushika.

Na liko jambo ambalo wengi walioliamua suala hili hawakulifikiri, nalo latuhusu sisi Waislamu kuliko watu wengine. Maiti wetu anaoshwa. Anayemwosha ni jirani, ni mjomba, ni bibi wa mtaa wa pili, kwa mikono yake, hali ya kutaka thawabu. Faradhi hii ya kutosheleza ikifanywa na wachache imewaondokea wengine dhambi. Je, hao wachache hawana haki ya kujua wanagusa nini? Yako maradhi, kama Ebola na Marburg, ambayo kumwosha aliyekufa ni katika njia zake kubwa za kuambukiza. Sharia yetu haikuacha tatizo hili bila mlango: maiti asiyeweza kuoshwa hutayamamishwa. Lakini ruhusa hiyo haiwezi kutumika ikiwa familia haikuambiwa kitu. Aliyeficha jina la ugonjwa alidhani anahifadhi heshima ya nchi, na kumbe anamwekea mtego mwosha maiti.

Usiseme kwamba hayo ni ya zamani. Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilipotoa habari ya kuwapo dalili za Marburg huko Kagera, jibu la kwanza kutoka Wizarani lilikuwa kwamba sampuli zilizopimwa hazina ugonjwa huo. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais akatangaza mwenyewe Dodoma kwamba mgonjwa amethibitishwa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha Machi 13, waliohesabiwa walikuwa 10, wawili wamethibitishwa na wanane wakidhaniwa, na wote walikuwa wamekufa. Nampongeza aliyetangaza, maana kusema kweli hadharani baada ya kukanusha si jambo jepesi. Lakini naona ile tabia ya kukanusha kwanza bado imo nyumbani, na yafaa itolewe.

Neno la tatu: Chanjo ni njama za Wazungu

Ndugu msomaji, neno hili halijibiwi kwa kucheka. Wanaolisema hawakulitoa hewani. Huko Alabama, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, watu weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila ya dawa ili madaktari wa Serikali watazame ugonjwa utakavyowala. Kano, Nigeria, mwaka 1996, katika mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa mpya, ikalaumiwa kwamba wazazi hawakuelezwa sawasawa. Mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75. Na mwaka 2011 majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistani, ili kumtafuta Osama bin Laden. Hayo ni kweli, yameandikwa, na hayakanushiki. Tena Waislamu wa Dar es Salaam wana kumbukumbu zao na Serikali: wazee hawajausahau mwaka 1968 ulipovunjwa umoja wa East African Muslim Welfare Society, na watu wa Magomeni hawajausahau msikiti wa Mwembechai Februari 1998. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, ungongo humshtua. Daktari asiyejua hayo atabaki kushangaa kwa nini watu wanamkimbia.

Lakini kushtuka ni mwanzo wa kutazama, haikuwa hukumu. Suratul Hujuraat, aya ya 6, imetutaka tuichunguze habari inapoletwa na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Hatukuamrishwa kuikubali kwa sababu kaileta fulani, wala kuikataa kwa sababu kaileta fulani, tumeamrishwa kuchunguza. Na tukichunguza tutaona nini?

Tutaona yaliyowapata hao hao watu wa Kano. Mwaka 2003, baadhi ya viongozi wa dini na wa siasa wa huko waliwakataza watu chanjo ya polio, wakisema kwamba inafunga kizazi. Kampeni ikasimama karibu mwaka mzima, mpaka ilipotafutwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini ugonjwa haukungoja. Ulitoka Nigeria ukaingia katika nchi karibu 20, ukafika Yemen, ukafika Makka, na mwisho ukafika Indonesia yenyewe, ukawalemaza watoto wa Kiislamu ambao babu zao hawakuijua hata Kano iko upande gani. Wazungu hawakupungukiwa na kitu kwa kususa kule. Waliolipa ni watoto wetu.

Tutaona pia kwamba kila Hujaji aliyetoka Dar es Salaam kwenda Makka, kwa miaka mingi, amechomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kusafiri. Ugonjwa huo uliwapata mahujaji mwaka 1987, na Serikali ya Saudia ikaifanya chanjo kuwa sharti. Mwaka 2022, Hija ilipofunguliwa tena kwa watu wa nje, waliruhusiwa milioni 1, na sharti lilikuwa wawe wamechanjwa korona. Basi nawauliza wale waliosema msikitini kwamba kuchanjwa ni haramu: wale mahujaji hija yao ni ya namna gani? Na nyinyi mliochanjwa ili mpate viza, mbona mliporudi hamkumwambia jirani?

Na zaidi ya hayo yote, mtazame mtu mmoja wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Mgonjwa wa mwisho duniani wa ndui iliyompata mtu kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitali na hakuchanjwa, kwani aliogopa maumivu ya sindano. Aliwasindikiza kwa gari wagonjwa wa ndui, safari ya dakika chache tu, naye ikampata. Mungu akamponya, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa ndui imetoweka. Baadaye mtu huyo alijitolea kuzunguka Somalia akiwaambia wazazi wasiwanyime watoto wao chanjo ya polio, na alifariki Julai 2013, kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Wazee wetu walikuwa na makovu ya ndui usoni. Leo mtoto wa Temeke haijui ndui hata kwa jina. Ikiwa chanjo ni njama, basi hii iliyoiondoa ndui ilikuwa njama ya kumponya nani?

Niseme na la upande wa pili. Askofu Josephat Gwajima, wakati ule akiwa Mbunge wa Kawe, aliposimama mwaka 2021 kuipinga chanjo ya korona, sauti zake zilizungushwa sana hata na Waislamu ambao siku nyingine wasingemsikiliza. Bunge likamwadhibu asihudhurie mikutano miwili. Mimi siafikiani na aliyoyasema juu ya chanjo. Lakini adhabu ile haikumjibu mama wa Mwananyamala aliyekuwa akiuliza mbona anatiwa saini fomu kabla ya kuchomwa, na mbona Marekani yenyewe iliisimamisha chanjo hiyo ya Janssen kwa siku kadhaa Aprili 2021. Majibu yalikuwapo: fomu ya ridhaa hutiwa saini hata kabla ya kupasuliwa ngiri, na kusimamishwa kule kulikuwa kwa ajili ya kuchunguza damu kuganda kulikowapata watu wachache sana kati ya mamilioni. Maneno hayo mtu wa kawaida huyaelewa, akielezwa kwa upole na kwa lugha yake. Mwenye shaka apewe jibu kwanza. Ukimkemea atanyamaza mbele yako na atakwenda kusemea pembeni.

Neno la nne: Chanjo ya mabinti yafundisha zinaa

Hili ndilo lililonisukuma kuandika, kwani korona imepungua kusemwa, lakini hili limo ndani ya nyumba zetu leo. Tangu 2018 Serikali yetu inatoa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kwanza kwa wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na karibu yote huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya kukutana kimwili. Basi wapo wazazi waliowazuia binti zao wasiende skuli siku ya chanjo. Wengine wasema inafunga kizazi. Wengine wasema kumchanja mtoto ni kama kumpa ruhusa.

La kizazi ni lile lile la Kano, limebadilishwa jina. Na kwamba dozi moja yatosha, sehemu ya ushahidi wake ilipatikana hapa hapa kwetu, katika utafiti uliofanywa Mwanza kwa mabinti 930. Hao ni watoto wa Kitanzania, na waliowapima wengi ni Watanzania. Halikuwa jambo lililopikwa ng'ambo likaletwa limefunikwa.

La ruhusa nitalijibu kwa lugha ya chuoni. Umemlea binti yako kwa stara, amehifadhi nafsi yake, na amefika kwa mumewe kama alivyotoka kwa mama yake. Je, na mume? Yaliyopita katika ujana wa mume hayajui ila Mola wake, na kirusi hiki hukaa mwilini miaka bila ya dalili. Huenda ni mtu aliyetubu, na toba yake imekubaliwa. Toba hufuta dhambi, lakini haikuahidiwa kufuta kirusi. Binti yako atapata ugonjwa ndani ya ndoa yake ya halali, bila ya kosa, na atakuja kuujua akiwa na miaka 40, ana watoto wanne. Wengi wa wanawake wanaofikishwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hufika ugonjwa umekwisha kuenea. Hapo utamweleza nini? Kwamba ulimnyima kinga kwa kuilinda heshima yake? Adabu humlinda na zinaa, na chanjo humlinda na kirusi; kila kinga ina kazi yake, wala hutoi mlango nyumbani kwa sababu umekwisha jenga ukuta.

Na kina mama nao wasione haya kwenda kuchunguzwa. Haya ni katika imani, lakini haya ya kumficha tabibu maradhi haikusifiwa na sharia. Omba upimwe na muuguzi mwanamke.

Neno kwa sisi wenye vilemba

Mwisho ndugu msomaji, nisiwaache wenzangu. Katika mambo haya, masheikh tumekuwa makundi matatu. Wako walionyamaza kwa kuogopa. Wako waliosema wasilolijua, ilhali katika Suratul Israai tumekatazwa kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na tukaambiwa kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Na wako waliosifu. Mwaka 2020 walisifu kwamba nchi haina barakoa, na mwaka 2021 wakasifu, kwa ulimi ule ule na pengine kwenye ukumbi ule ule, kwamba nchi imepata chanjo. Hawakubadilika kwa sababu wamepata hoja mpya, na hakuna aliyewasikia wakiitaja hoja hiyo. Walibadilika kwa sababu kiti kimekaliwa na mwingine. Hilo ndilo lililotuvunjia imani za watu kuliko chanjo yenyewe. Mtu wa Mbagala si mjinga. Akiona dini inageuka na upepo wa Ikulu, ataacha kuisikiliza hata siku itakaposema kweli.

Rai yangu ni hii. Sheikh aseme ya sharia: kwamba kujikinga ni halali na pengine ni wajibu, kwamba kuficha ugonjwa unaoambukiza ni khiyana, kwamba mtu asilazimishwe bila ya kuelezwa. Yaliyomo ndani ya chupa ya dawa amwachie daktari, tena amwite msikitini baada ya Ijumaa, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, aulizwe mbele ya watu na ajibu. Serikali itaje hesabu, nzuri na mbaya, na madhara ya chanjo yakitokea iyataje yenyewe kabla ya kusemwa barazani. Nawe baba, nawe mama, sauti ikikufikia kwenye simu, usiirushe kwa wengine mpaka umjue aliyeisema na umemuuliza mwenye ujuzi. Na karatasi ya chanjo ikija kutoka skuli, isome, uliza, kisha amua ukikumbuka kwamba mtoto ni amana na utaulizwa juu yake.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumekwisha kuumbuliwa mara moja, na makaburi ya mwaka 2021 tunayajua yalipo. Yasitupate tena kwa binti zetu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utujaalie tuwe wa kusema kweli hata ikiwa chungu. Amin.

Wabillahi tawfiq.